Minazi Niliyoinywesha Bahari

Mwezi uliopita mwanangu mkubwa alikuja kutoka Kilindoni na kitabu kidogo cha akiba cha posta. Ndani kiliandikwa jina la binti yake, Mwanaidi, mtoto ambaye hata meno ya mbele bado hayajamrudia. Mwanangu alikuwa na furaha, na alistahili kuwa nayo, maana si kila baba anakumbuka kesho ya mtoto. Akampakata Mwanaidi mbele ya wageni, akamfungulia kurasa, akaanza kumweleza.

"Hiki ni chako, mama. Siku sisi tukiwa hatupo..."

Nikamkata kauli. Nikamwambia aende jikoni akatazame kama chai imechemka. Mtu mzima, mwenye mke na ndevu, anatumwa jikoni na mama yake mbele ya watu! Alikwenda, lakini uso ulikuwa umemkunjamana, na mkewe akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeona uzee wa mama mkwe umeanza kupanda kichwani.

Sikuwalaumu. Jambo lenyewe sijapata kuwasimulia. Ninyi wenzangu wa rika langu, mliozaliwa zama za Mdachi, wakati boma lilikuwa bado liko Chole, mtanielewa upesi zaidi, kwa sababu mnakumbuka jinsi tulivyolelewa. Wakubwa walizungumza juu ya vichwa vyetu kana kwamba hatuna masikio, na sisi tulibeba maneno yao kimyakimya kwa miaka, bila kumuuliza mtu maana yake.

Baba yangu alikuwa mkwezi. Upande wa Kirongwe tulikokaa, minazi ilikuwa mingi kuliko watu, na karibu yote ilikuwa ya mabwana wenye mashamba. Baba aliikwea kwa pingu, ile kamba fupi anayoitia mkwezi miguuni, akaangua nazi za watu, na ujira wake ulikuwa nazi chache anazorudi nazo nyumbani. Alinuka makumbi na jasho, na nyayo zake zilikuwa ngumu hata mwiba haupiti. Nilipenda kuzigonga kwa kijiti nisikie zinavyolia. Kisha akashikwa na homa, na haikumchukua hata siku nne. Pingu yake ikabaki imening'inia ukutani, na kwa muda mrefu ilinuka kama yeye.

Mama akaingia eda. Mnajua ilivyokuwa: hakuna wanja, hakuna uturi, nguo ileile isiyo na rangi, haendi nje wala haonani na mwanamume anayeweza kumuoa, miezi minne na siku kumi. Mimi nilikuwa na umri wa kwenda kisimani peke yangu lakini si wa kujitwika mtungi, na mambo ya eda hakuna aliyenieleza. Nilichoona ni kwamba baba alibebwa akatolewa nje, na siku hiyohiyo mama akawekwa ndani. Nikahitimisha kuwa zamu yake imekaribia na anasubirishwa.

Mirathi ilipogawanywa, fungu langu likatoka mtamba mmoja mwekundu, ng'ombe jike ambaye alikuwa bado hajazaa. Ndiyo mali yangu yote duniani, na wakubwa wakakutana kuamua iwekwe vipi mpaka nitakapokuwa mtu mzima. Walikuwa watatu. Baba mdogo, ndugu yake marehemu, alikaa barazani. Bibi, mzaa mama, alikaa kwenye mkeka wake akisuka ukili. Mama alikuwa chumbani nyuma ya pazia, maana shemeji yake hakuruhusiwa kumwona. Mimi niliwekwa kizingitini, mgongo kwa mama, uso kwa baba mdogo, niyapokeze maneno yasiposikika vizuri. Yalisikika yote.

Bibi alitaka mtamba auzwe, nipelekwe kwa sonara kule Chole nikafanyiwe furungu za fedha za miguuni. Fedha haihitaji mvua, alisema, wala haifi kwa ugonjwa, na msichana anayelia miguuni hakosi mchumba. Baba mdogo alimcheka kwa adabu. Yeye aliona mtamba abaki mtamba. Atazaa, watoto wake watazaa, na yeye mwenyewe ataniangalizia pamoja na wake bila kudai hata maziwa. Alikuwa mtu mkweli, na ninaamini angetimiza.

Ndipo sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia. Nilikuwa sijaisikia ikisema maneno mengi tangu msiba.

"Shemeji, ng'ombe hufa kwa siku moja. Na furungu, ukija mwaka wa njaa, mimi mwenyewe nitazivua miguuni mwake, najijua. Mimi nataka minazi. Kaka yako amekwea minazi ya watu mpaka mauti yamemfika, na hakuna hata mmoja ulioitwa wake."

Baba mdogo akamwambia kwamba mnazi unataka miaka saba, na mtoto anakula leo. Akamkumbusha wahenga: usiache mbachao kwa msala upitao. Mtamba yupo, anaonekana, ana kwato nne. Minazi bado ni maneno tu, nani atakaa kuingojea?

"Siku itakapozaa," mama akasema, "mimi nitakuwa nimelala mchangani. Hiyo minazi ndiyo itakayomlea."

Bibi akaacha kusuka. Baba mdogo akatazama chini, akasema asiseme hivyo, kisha hakubisha tena. Nadhani walinyamaza kwa kumwonea huruma. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeelewa, na nilivyoelewa ni hivi: yamefanyika makubaliano. Minazi ikizaa, mama anakufa. Kabla haijazaa hafi, na siku itakapozaa hana njia. Wakubwa wote wamesikia na wamekubali.

Basi mtamba wangu akaenda kwa bwana mmoja mwenye shamba, nami nikapewa ukanda wa mchanga karibu na pwani, mahali ambapo mwenyewe hakuwahi kupanda kitu, pamoja na miche kumi na miwili kutoka kitalu chake. Baba mdogo alisaga meno, lakini neno la mama alilitimiza. Alichimba mashimo mwenyewe, akatia jivu kila shimo, akasoma bismillahi kila mche. Alipomaliza akajinyoosha mgongo, akamwambia jirani aliyepita kwamba miche hii ikifa mtoto wa marehemu hana kitu, labda jina la baba yake. Hilo nalo nililisikia. Lakini kati ya kukosa kitu na kukosa mama, hata mtoto mdogo anajua lipi zito.

Masika ya mwaka ule yalikuwa haba. Mvua ilinyesha siku mbili, ikatuacha wiki nzima tunatazama mbingu. Mama akaniita pazia likiwa kati yetu, maana baba mdogo alikuwa barazani, akatoa mkono na kunipa kibuyu. Yeye hawezi kutoka, alisema, na baba mdogo ana shamba lake, kwa hiyo kazi ya kuinywesha minazi ni yangu. Nichote maji kisimani, niipe kila baada ya siku moja. "Uinyweshe kidogo kidogo, kama mgonjwa," akasema, na akanishika vidole kabla ya kuurudisha mkono ndani.

Siku ya kwanza nilichota kisimani kama nilivyoambiwa. Nikasimama mbele ya mche wa kwanza, kibuyu kimeinama, na mkono ukakataa. Kila tone lingemsogeza mama mchangani. Nikarudi na kibuyu kimejaa, nikakimwaga njiani, na usiku huo sikula vizuri. Bibi akanikandia mavi ya kuku tumboni akidhani nina chango.

Kumwaga maji njiani kusingefaa, maana mvua kidogo ingeweza kuiokoa. Ilitakiwa ife. Nikakumbuka mwaka uliotangulia, wakati wa bamvua kubwa, bahari ilivyoruka ukingo ikaingia kwenye mpunga wa jirani yetu. Mpunga ulikuwa wa kijani Ijumaa, na Ijumaa ya pili umekuwa njano, ukalala chini wote. Bibi alinishika mkono tukautazama, akaniambia kwamba chumvi haina urafiki na kitu kilichopandwa. Hilo ndilo somo la kilimo nililokuwa nalo. Na bahari ilikuwa pale pale, hatua chache kutoka kwenye minazi yangu, karibu kuliko kisima.

Nikaanza kuinywesha bahari. Kila baada ya siku moja niliingia majini mpaka magotini, nikajaza kibuyu, nikapanda mchangani, nikamimina. Safari zilikuwa nyingi, kibuyu kilikuwa kidogo. Sikuwa na chuki na ile miche, na hili nataka mniamini. Niliiomba radhi mmoja mmoja. Niliiambia, nisamehe, nami nina mama mmoja tu. Mche wa tano, uliokuwa mdogo kuliko wote, niliumiminia huku nimefumba macho.

Bibi aliona weupe wa chumvi shingoni mwa kibuyu, akanigombeza kwamba ninacheza baharini badala ya kufanya kazi. Nikakubali kosa lile kwa furaha, nisije nikaulizwa jingine.

Kisha nikangoja manjano. Ijumaa ikapita, na nyingine, na nyingine tena. Jani la kwanza likatoka kwenye mche wa kwanza, limekaza kama upanga. Mche wa tano ukawakuta wenzake. Nikaongeza maji. Nikaenda kila siku, hata siku za mvua, nikarudi nimelowa, na minazi ikazidi kuwa ya kijani kiasi cha kunitia kizunguzungu. Nilidhani Mungu amekwisha andika, na mimi ninapigana naye kwa kibuyu. Sijui kama mmewahi kumwona mtoto akiwa na huzuni ya mtu mzima. Mimi nilikuwa nayo, na niliificha vizuri, kwa sababu hakuna aliyekuwa akinitazama.

Eda ikaisha. Mama akaoga, akabadili nguo, akatoka nje akiwa ameziba macho kwa mkono, maana jua lilikuwa limemtupa mkono miezi minne. Watu walitaka akae, apokewe. Yeye akanishika mkono tukaenda moja kwa moja kwenye minazi. Aliipitia yote kumi na miwili. Aligusa majani, akapiga magoti akatazama mashina, kisha akanivuta, akainusa mikono yangu, akaibusu mmoja baada ya mwingine.

"Mikono hii," akasema. "Mikono ya mtoto mdogo hii."

Nililia mpaka nikakwama pumzi. Akanikumbatia, akanibembeleza, akaniambia baba yuko mahali pema. Alidhani ninamlilia baba.

Sifa za minazi ile zilienea. Watu waliokuja kumpa mama pole walipelekwa kuiona. Baba mdogo alieleza kuhusu jivu: jivu la mkoko, konzi mbili kila shimo, wala lisiwe la moto. Wako waliojaribu. Alilieleza jivu lile harusini na matangani, na sikuwahi kuona mtu anayejivunia jivu kama yeye.

Nikakua, na minazi ikakua. Kuimwagia bahari niliacha, maana niliona ni kazi bure, lakini woga haukuniacha. Mama akikohoa, nilikwenda kutazama minazi. Mtu akisema "mwaka huu imenona," nilirudi nyumbani mbio kuhakikisha mama anapumua. Wachumba wawili walikuja kumposa, akawakataa, na mimi nikaelewa kwamba hataki kumpa mtu hasara. Alisuka mikeka, alilima muhogo, alicheka na wenzake kisimani. Nilimwona mtu jasiri kupita wote, anacheka na siku yake inajulikana.

Mwaka nilipokaribia kuwa mwari, mnazi wa kwanza ukatoa karara. Mnalijua, lile ganda refu linalobeba maua ya mnazi kabla halijapasuka. Mnazi wenyewe ulikuwa bado mfupi, hauhitaji pingu wala mkwezi. Kufikia wakati huo akili yangu ilikwisha kujua kwamba mtu hafi kwa sababu mti umezaa. Ningeulizwa, ningecheka. Lakini woga ulioniingia nikiwa mdogo haukujali umri wangu mpya. Nilichukua kisu cha jikoni, nikaenda asubuhi kabla ya jua kuwaka, nikaanza kulikata karara.

Lilikuwa limekwisha kuning'inia kwa upande mmoja niliposikia mtu nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama na kitita cha kuni kichwani. Alitazama kisu, akatazama karara, akakitua kitita polepole.

"Miaka saba," akasema. "Miaka saba nimengoja, na wewe unakata? Nimekukosea nini?"

"Ikizaa utakufa."

"Nani alikwambia?"

"Wewe. Siku ya baba mdogo, ulipokuwa edani. Ulisema ikizaa utakuwa mchangani."

Alikaa chini palepale, kwenye mchanga, na nikaona anarudi nyuma kutafuta siku ile, na nikaona alipoipata. Basi nikamweleza yote, nimesimama na kisu mkononi. Nikamweleza mpunga wa jirani, kibuyu, bahari, mche wa tano, kukataa kwake wachumba. Nilipofika kwenye maji ya chumvi, mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akawa analia kweli, kisha vyote pamoja.

Aliponyamaza akanivuta nikae karibu naye. Akaniambia mnazi ni mtoto wa pwani, chumvi haiuui, na kwamba babu yake alikuwa akitia konzi ya chumvi shimoni kabla ya kupanda. Jivu la baba yako mdogo, akasema, lilikuwa linajipendekeza tu. Kisha akawa anachora mchangani kwa kidole, hanitazami.

"Nilisema kweli siku ile," akasema. "Nilikuwa nataka kufa, mwanangu. Nilikuwa ndani mle, nguo ileile, nasikia pingu ya baba yako ikigonga ukuta kila upepo ukija. Furungu ningekununulia nikamaliza, nikalala. Ng'ombe angekutunzia baba yako mdogo. Nikatafuta kitu cha kuchelewa. Kitu ambacho lazima nikae nikitazame."

"Sasa kimezaa," nikasema.

"Kimezaa. Na mimi nimezoea kukaa."

Karara lile lilikauka, lakini jingine likafuata, na mnazi wa pili na wa nne ikatoa yake. Tuliitazama pamoja kutoka vidaka hadi vitale, kutoka vitale hadi madafu. Mama hakumruhusu mtu kuangua. Siku ilipofika aliangua dafu la kwanza yeye mwenyewe, akalichonga, akalinywa mbele yangu bila kupumzika, mpaka tone la mwisho. Akafuta mdomo kwa ukaya wake.

"Nipo?"

"Upo," nikasema.

"Haya, chonga lako unywe."

Aliishi miaka mingi sana. Minazi ile ilinipatia mahari ya heshima, maana msichana mwenye minazi yake haozwi kwa haraka, na ilijenga nyumba ambamo mwanangu alizaliwa. Baba mdogo alikufa akiamini jivu. Mama alinikataza kumwambia. Alisema mtu aliyekuchimbia mashimo kumi na mawili ana haki ya kuwa na kitu cha kusimulia.

Na mama alipofariki, akiwa mzee hata hawezi kuona, nazi za khitma yake ziliangushwa kutoka minazi ile. Wali ulipikwa kwa tui la nazi hizo, watu wakala, na mimi nikawekewa sahani. Nililia kila tonge. Yale aliyoyasema nyuma ya pazia yalikuwa yametimia neno kwa neno: yeye yuko mchangani, na minazi inanilisha. Tofauti ni kwamba katikati yake tulipewa maisha mazima.

Kwa hiyo ndiyo maana nilimtuma mwanangu jikoni. Wageni walipoondoka nilimwita, nikamwomba radhi kwa kumwaibisha, na nikamwambia kitabu chake ni kizuri na amefanya la maana. Aliniuliza nilichukia nini basi. Mwanaidi alikuwa amekaa mkekani, amekifungua kitabu juu chini, anatafuta picha.

"Bibi, hiki ni cha nini?"

Baba yake alinitazama, akaniachia nijibu.

"Baba yako amekuwekea kitu kidogo," nikamwambia. "Kitakuwa kinakua polepole, na sisi wote tutakaa na wewe tukikitazama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utuchoke."